Mluzi wa Msimu wa Maharage

Nilipokuwa mtoto, kifua changu kilijua kupiga mluzi kabla midomo yangu haijajifunza. Si kwamba midomo haikujaribu. Ilijaribu sana, nyuma ya choo cha shule, wenzangu wakiwa wamekaa kama waamuzi wa mashindano, lakini nilikuwa na pengo mbele, pana kama mlango wa zizi, na kila nilipopuliza yalitoka mate. Walicheka hadi wakagaragara. Halafu jua likizama, nikiwa nimejilaza zangu, simsumbui mtu, kifua kinaanza chenyewe bila kuombwa: mluzi mwembamba wa sauti mbili, moja ikiingia, nyingine ikitoka. Kipaji nilikuwa nacho. Kilikuwa kimewekwa mahali pabaya tu.

Nayo nyumba yetu ya Kitanga, kule Kasulu, haikuwa nyumba ya kupigia mluzi gizani. Bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa na makatazo mengi, mengine akiyasahau na kuyavunja mwenyewe, lakini hili hakulisahau hata siku moja.

"Giza likiingia, midomo ifungwe. Ukipiga mluzi unamwita kamba."

Kamba ni nyoka. Bibi hakumtaja kwa jina lake baada ya magharibi, si kwa Kiswahili, si kwa Kiha. Alisema, "Anasikia yule. Anadhani mwenzake anamwita. Anakuja taratibu, akifika anakuta ni wewe, anaona umemdhihaki."

Tangu wakati ule nimetembea. Kazi yangu ni kusindikiza mizigo ya malori, na lori halina kwao. Nimelala Lusaka, nimelala Lubumbashi, nimelala Durban kwenye chumba chenye zulia hadi chooni. Kila nilikolala nimemkuta mtu mzima, mwenye simu ya gharama, asiyepiga mluzi usiku, na ukimwuliza sababu anakwambia hana sababu. Kwa hiyo anayetaka kumcheka Bibi na amcheke, ila kwanza achungulie chini ya kitanda.

Nilikaa kwa Bibi kwa sababu baba yangu Filipo na mama walikuwa Uvinza, kwenye kazi za chumvi. Pale nyumbani tulikuwa wanne. Alikuwapo Bibi mwenyewe. Alikuwapo Baba mdogo Yohana, kijana ambaye hajaoa lakini ana jibu la kila kitu. Alikuwapo Adela, binti wa shangazi yangu, aliyenizidi miaka michache na maneno mengi. Na mimi, mwenye kifua.

Ili mnielewe lazima niwaeleze habari ya maharage. Kwetu milimani maharage ndiyo ada ya shule, ndiyo chumvi, ndiyo nguo ya Krismasi. Mvua zikiisha na baridi ikaanza kushuka asubuhi, tunayang'oa, tunayaanika uwanjani na maganda yake, kisha tunayapiga kwa fimbo ndefu mpaka yapasuke. Vumbi linalotoka pale, aliyelivuta analijua. Halafu yanapepetwa, na hapo ndipo kuna jambo ambalo wageni hawalijui: mpepetaji hupiga mluzi. Upepo ukigoma, mwanamke anasimama na ungo wake, anapiga mluzi mdogo, taratibu, kuuita upepo. Mchana hilo ni ruksa. Hata Bibi alifanya hivyo alipokuwa na meno. Jua likizama, ungo unawekwa chini na midomo inafungwa.

Yakishapepetwa yanachanganywa na majivu ili yasibunguliwe. Kazi ya kuchanganya ni ya watoto, kwa sababu mikono yetu inafika chini ya gunia. Kisha magunia yanaingizwa chumbani kwa watoto. Sababu ni ya ulinzi: mwizi akitaka maharage lazima awakanyage watoto kwanza, na mtoto akikanyagwa hupiga kelele. Mimi na Adela tulilala tumeegemea utajiri wa ukoo.

Sasa oneni wenyewe nilivyokuwa mjinga, na si mimi peke yangu. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kupiga maharage, nilianza chafya. Pua inawasha, macho yanavimba, Adela anasema nalilia kazi. Baada ya siku chache kikohozi. Magunia yakiingia chumbani, mluzi. Maharage yakiuzwa, mluzi unaisha, nami naruka kama mbuzi mpaka mwaka unaofuata. Watu wazima wote waliokuwa pale walisema ni baridi ya Juni. Hakuna aliyeyatazama maharage. Maharage yalikuwa baraka, na nani huiangalia baraka kwa jicho baya?

Usiku mazungumzo yangu na Adela, aliyenibandika jina la Filimbi, yalikuwa haya.

"Wewe Filimbi."

"Sipigi."

"Unapiga. Nakusikia."

"Siyo mimi, ni kifua."

"Kifua ni cha nani, cha jirani?" Adela anajivuta kona ya mbali. "Kamba akija, mimi nitamwonyesha. Nitamwambia mwenye mluzi yule pale ukutani, sisi wengine tumelala."

Yeye alikuwa anatania. Mimi niliamini neno kwa neno. Nilijua nyoka atakuja, nilijua atakuja kwa sababu yangu, na nilichoogopa hakikuwa kuumwa. Niliogopa atamuuma Bibi au Adela, halafu watu wakusanyike, waulize nani alikuwa anaita, na vidole vyote vinigeukie mimi. Mtoto anaweza kuiogopa aibu kuliko kifo. Kifo hakijui, aibu ameshaionja.

Basi nikaanza kuficha pumzi. Nilijifunza kuketi badala ya kulala, mikono magotini, maana nikiketi sauti inashuka. Nilijifunza kung'ata blanketi. Nilijifunza kuvuta hewa kama mtu anayeiba sukari: kidogo, nasikiliza kama kuna anayekuja, kidogo tena. Asubuhi Bibi ananipa tangawizi na asali, ananipaka samli kifuani, anauliza, "Unapumua vizuri?" Nami najibu, "Vizuri, Bibi." Nilikuwa nimechoka kama niliyelima usiku kucha.

Jioni yenyewe ilikuwa ya mwisho wa kupepeta. Upepo ulikuwa mvivu tangu mchana, na Bibi alitaka kumaliza lundo lililobaki. Mimi nilikuwa chumbani nachanganya majivu, mikono imezama hadi mabegani, nimekuwa mweupe kama mzimu wa maigizo. Kifua kilikuwa kimeshaanza kubana. Nikakaa chini kati ya magunia mawili nipumzike kidogo, kwa siri yangu.

Panya akapita. Panya hawakuwa habari. Wao na maharage waliingia pamoja kila mwaka. Lakini huyu alipita kwa mbio za mtu anayedaiwa roho yake. Nyuma yake, bila haraka yoyote, kikaja kitu cheusi, kirefu, kikiteleza juu ya gunia kana kwamba gunia limepakwa mafuta.

Nikafungua mdomo kupiga kelele. Kilichotoka kilikuwa mluzi.

Yule nyoka akasimama. Akainua kichwa, akatanua shingo. Leo ninajua kwamba swila akishtuka hufanya hivyo, na kwamba kifua changu hakikuwa na maana kwake kama redio isivyo na maana kwa kuku. Lakini siku ile nilimwona ananisikiliza. Nilimwona anasema: Kumbe ni wewe uliyeniita.

Adela aliingia na kibatari kuniita nile. Aliona, akapiga kelele zinazotosha wawili. Yohana akaja na fimbo ya maharage, nyoka akajichimbia nyuma ya magunia, na mimi nikavutwa mguu kama mzoga hadi chumba cha Bibi, mlango ukafungwa. Majirani wakaanza kumiminika. Kila mmoja alikuwa na ushauri, na wa Yohana ulikuwa mkubwa kuliko wote.

"Mpira! Choma mpira! Hawezi kuvumilia harufu ya mpira!"

Akavua katambuga lake moja, ndara la tairi alilolipenda kuliko watu wengi, akalitupia kwenye makaa juu ya kigae na kulisukumia chumbani kwetu. Sitamcheka sana Baba mdogo. Alitoa alichokuwa nacho. Ila nyumba zetu za wakati ule, kuta za vyumba hazikufika kwenye paa. Moshi ulijaza chumba cha watoto, ukapanda, ukachungulia juu ya ukuta, ukanikuta nimekaa kitandani kwa Bibi.

Nisiwaeleze sana yaliyofuata. Anayejua anajua, na asiyejua ajaribu kuvuta hewa ya dunia nzima kwa tundu la sindano. Nilisikia nje wakishangilia: nyoka katoka, kapigwa. Nilisikia fimbo zikitua, fimbo zilezile za maharage. Nilijaribu kutoutoa mluzi. Hilo ndilo linalonitia haya hadi leo nikilikumbuka: ninakufa, na bado najibana nisisikike.

Bibi aliingia kunitafuta, akanikuta midomo imekuwa rangi ya majivu, na yale majivu mengine hayakuwa sababu. Akanifunga kanga, akanipakata, akatoka nami uwanjani kwenye hewa. Watu walikuwa wamesimama duara, nyoka amelazwa katikati. Na hapo Mzee Luhaga, jirani yetu wa upande wa migomba, akauliza swali ambalo kwetu halikosi kuulizwa mbele ya nyoka aliyeingia nyumbani.

"Nani alikuwa anapiga mluzi hapa?"

Pakawa kimya. Katika ukimya ule, chini ya kanga, kifua changu kikajibu. Sauti mbili. Ikiingia, ikitoka.

"Mimi," akasema Bibi.

Mzee Luhaga akainua taa. "Wewe, Mama Filipo?"

"Mimi. Nilikuwa napepeta. Upepo uligoma, nikauita. Sikuangalia jua."

"Mama Filipo! Mwanamke mzima, mzee wa kanisa, unapiga mluzi magharibi kama mchunga ng'ombe?"

"Nimekosa."

"Umekosa sana! Umetaka kutumaliza!"

"Nimekosa, Mzee. Nipisheni, mtoto anapata baridi."

Wanawake wakapiga makofi ya kushangaa, yale ya taratibu, ya kiganja juu ya kiganja. Bibi ameinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa ndani ya kanga, unasugua mgongo wangu, juu, chini, juu, chini, kama mtu anayefundisha kitu kutembea.

Yohana alitukokota kwa baiskeli hadi zahanati, Bibi amekaa nyuma kanipakata, yeye anasukuma mguu mmoja una katambuga na mwingine hauna. Mganga wa pale alikuwa mtu wa Mtwara aliyeletwa na serikali, na alitoka kwake na fulana, mdomo una chakula. Akaniangalia mara moja tu. Akanidunga sindano ya mshipa, polepole, akihesabu kwa midomo. Na hewa ikaingia. Sina namna nyingine ya kusema: ilikuwa nje, ikaingia.

Kisha akauliza, "Mtoto huyu analala wapi?"

Bibi akamweleza.

"Na maharage? Na majivu? Na leo mkamchomea tairi?"

"Katambuga moja tu," akasema Yohana.

"Mama, hii ni pumu. Vumbi ni adui yake, moshi ni adui yake, na ninyi mmewakaribisha wote wawili jioni moja. Toa magunia anakolala."

Bibi akainamisha kichwa mara ya pili siku ile. Safari hii sikumwona akijifanya.

Kesho yake magunia yakahamia chumbani kwake, chini ya kitanda, ubavuni mwa kitanda, na yaliyokosa nafasi juu ya kitanda, miguuni. Alilala na panya wale mpaka maharage yalipouzwa. Mimi baada ya siku chache nikanyamaza kabisa, nalala chali kama mfalme. Bibi akapiga hesabu yake mwenyewe na kuitangaza: "Kamba amekufa, mluzi umeisha." Hakuna aliyempinga. Ukiitazama kwa upande wake, hakuwa amekosea sana. Maharage ndiyo yaliyoleta vumbi, na maharage ndiyo yaliyoleta panya, na panya ndiye aliyeleta nyoka. Msimu ambao kifua kinalia ndio msimu ambao nyoka anaingia ndani. Bibi aliviona vyote viwili kwa miaka mingi vikija pamoja. Alikosea tu nani amemwita nani.

Lakini jina likamganda. Kanisani, wanawake wa kwaya walimwita Mama Mluzi. Wakimaliza wimbo, mmoja anasema, "Bado sauti ya nne, mwachieni Mama Mluzi," na wote wanaanguka kicheko. Bibi alicheka nao. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la watoto, natazama miguu yangu. Kila Jumapili nilitamani sakafu ile ya udongo inimeze, na kila Jumapili nilihakikisha sikohoi.

Sasa mngetegemea niseme nilikua nikapata akili. Nilikua. Pumu haikuondoka, ilibadilisha tu anwani kila nilipobadilisha mimi. Vumbi la barabara ya Nyakanazi, moshi wa nyasi zinazochomwa milimani kila kiangazi, maua ya miti nisiyoijua kule Durban. Daktari mmoja mjini, mama mpole, alinichorea mapafu kwenye karatasi kama mti ulioanguka miguu juu. Akanieleza kwamba njia za hewa za mtu kama mimi zina hasira za karibu. Zikichokozwa zinavimba na kubana, na ule mluzi ni hewa inayojipenyeza. Akanipa dawa mbili za kuvuta kwa pampu. Moja ya kufungua, nikibanwa. Nyingine ya kuzuia, ya kila siku, hata nikiwa mzima, hasa nikiwa mzima, na zaidi msimu wangu ukikaribia.

Mnadhani ipi niliitumia? Ile ya kufungua. Ile ya kila siku niliiacha ndani ya boksi lake, kwa sababu mtu anayemeza au kuvuta dawa kila siku ni mgonjwa, na mimi si mgonjwa, mimi ni mcheshi. Isitoshe, watu wa malori wanajua kila kitu, na walishaniambia pampu ni ya watu wanaoelekea kaburini, ukiianza huiachi. Mimi niliyeona sindano ya mtu wa Mtwara ikinirudisha nikaitikia kwa kichwa, kama mtoto wa shule.

Hata ile ya kufungua niliivuta kwa kujificha. Nimeivuta nyuma ya matairi ya malori ya nchi nyingi. Nimeivuta kabatini, kule kwenye zulia hadi chooni, na mfanyakazi wa usafi alipofungua kabati akanikuta nimechutama kati ya taulo, nilimwambia nakagua bawaba. Naiweka kwenye soksi. Mfukoni inatokeza, begini inaonekana likifunguliwa, lakini nani atakuomba uonyeshe soksi? Miaka yote hiyo nikiwachekesha watu mpaka wanajishika mbavu, huku nikiwa nimebana pumzi zangu.

Mwaka huu, msimu wa maharage, nilimpeleka binti yangu Neema kwa Adela. Adela ameolewa Kibondo mjini, ana duka dogo la nafaka, na ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Neema yuko darasa la nne. Amerithi kwangu pua na, kama mtakavyokuwa mmekwisha kukisia, kifua. Dawa zake anazo, mama yake ndiye anayezisimamia, maana msimamizi mwingine mnamjua alivyo. Safari hii mama yake alibaki, nami niliapa nitasimamia.

Jioni tulikaa sebuleni, milango imefungwa kwa baridi. Adela alikuwa na wageni, majirani wawili na mwenyekiti wa mtaa, na nyuma ya makochi, hadi dirishani, palikuwa na magunia. Maharage ya Kasulu, maharage ya Kakonko, mapya, yananukia. Niliyaona tangu naingia. Nilijiambia nitamwita Adela pembeni nimweleze, lakini si mbele ya watu. Nikaanza hadithi ya bawaba za Durban bila kutaja kabati lilikuwa la nini, na watu wakacheka.

Mwenyekiti akainua mkono. "Ngojeni. Nani huyo anapiga mluzi, na giza limeshaingia?"

Alikuwa anatania. Kila mtu akanyamaza ili asikilize, na mluzi ukakatika.

Nikamtazama Neema. Alikuwa kwenye kigoda karibu na magunia, mgongo umenyooka, mikono magotini. Mashavu yamejaa. Macho ameyakaza kwenye sakafu. Hakuna aliyemfundisha kukaa vile. Bibi alikufa kabla hajazaliwa, hajawahi kusikia habari ya kamba, amekulia kwenye nyumba ambayo nyoka wanaonekana kwenye televisheni tu. Nilimtazama mtoto yule anavyoiba hewa yake mwenyewe, nikajua mwalimu wake ni nani.

"Ni mimi," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Watu wakacheka, mwenyekiti akasema, "Nilijua tu ni wewe," na Neema akaniangalia kwa shukrani. Kwa shukrani, lakini bila pumzi. Mashavu yalikuwa bado yamejaa. Nikaona kwamba nimempa alichonipa Bibi, na kwamba hakitoshi. Bibi alikuwa amebakiwa na hicho tu cha kunipa siku ile. Mimi nilikuwa na kingine, kipo kwenye soksi.

"Mimi na mwanangu," nikasema. "Tuna pumu sisi. Ni haya maharage."

Nikainama, nikatoa pampu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nikaitikisa, nikavuta. Zaidi ya miaka arobaini ya kukwepa, na iliisha kwa sauti ndogo ya kufyatua.

"Neema, mama, na wewe. Yako iko wapi?"

Akainama. Akashusha soksi yake nyeupe ya shule, akaitoa.

Jamani, kwenye soksi.

Nilimshika mkono tukatoka barazani kwenye hewa, akavuta mara ya kwanza, akasubiri, akavuta mara ya pili. Nilimsugua mgongo. Alipopata sauti alininong'oneza, kama anayetoa habari njema, "Baba, nilizuia. Walisikia kidogo tu."

Mimi ninayeishi kwa mizaha, nikaiweka pembeni. Nikamwambia, "Usizuie tena. Ikilia, njoo useme. Hata nikiwa naongea na rais." Akauliza kama namjua rais. Nikajua amepona.

Ndani tulikuta Adela amewasha tochi ya simu, amepiga magoti, anachungulia chini ya makochi na nyuma ya magunia.

"Unatafuta nini?" nikamwuliza.

"Namtafuta kamba," akajibu bila kuona haya. "Mmepiga mluzi wawili." Akainuka, akajipangusa. "Hayupo. Ila magunia yanatoka leo hii. Mwenyekiti, shika upande huu."

Mwenyekiti akashika. Yakahamia stoo ya uani, na mimi na Neema tukaambiwa tusithubutu kusogelea. Wageni walipoondoka, nikamwambia Adela jambo nililokuwa nimelikalia tangu utoto. Nikamwambia kwamba siku ile ya nyoka, Bibi hakupiga mluzi. Alisema uongo kwa ajili yangu, akachekwa kanisani hadi mwisho wake, na mimi ndiye niliyekuwa nalia chini ya kanga.

Adela akanitazama kwa huruma, ile wanayotazamwa nayo watu wapumbavu.

"Wewe Filimbi. Bibi alikuwa na meno?"

Nikafikiri. "Ya nyuma."

"Mtu asiye na meno ya mbele atapigaje mluzi? Wewe mwenyewe ulikuwa unatoa mate. Na kifua chako kilikuwa kinalia kama birika, uwanja mzima unasikia. Unadhani Mzee Luhaga alikuwa kiziwi?"

"Lakini alimkaripia."

"Mama mtu mzima amesema ni yeye. Ulitaka aseme nini? Aseme hapana, ni huyo mtoto anayekufa?"

Nimelichukua lile neno nimeondoka nalo, na sijalimaliza. Kwa miaka yote nilidhani nina siri, kumbe nilikuwa nimefunikwa na kijiji kizima. Mzee Luhaga alipaza sauti ili kifua changu kisisikike. Kwaya walimtania Bibi, mtu anayeweza kutaniwa, wakamwacha mtoto asiyeweza. Na mimi kanga ile waliyonifunika siku moja, ili nipite, niliiona nzuri nikaendelea kuivaa hadi uzeeni, nikamshonea na binti yangu ya kwake.

Dawa ya kuzuia sasa navuta kila asubuhi, mezani, chai ikiwepo, Neema akiwa upande wa pili na yake. Tunaanza kabla ya maharage kung'olewa. Mluzi hatuusikii sana siku hizi. Ila jua likizama, nikisahau nikaanza kupuliza wimbo kwa midomo, meno ninayo, Neema, ambaye Adela amekwisha kumsimulia habari ya kamba, huniwahi.

"Baba, giza," ananiambia.

Nami nafunga midomo.